Saa Kumi na Nne za Babako

Swafwan mwanangu,

Samaki nimemtia ndimu na chumvi, mkaange tukifika. Kuku wape maji.

Nimekwenda uwanja wa ndege. Najua, asubuhi umenicheka: "Mama, Sahla anatua saa tisa, na hii ni saa tatu." Lakini babako ndivyo alivyokuwa. Akizigawa kilomita elfu kumi na mbili za kutoka Toronto kwa mwendo wa ndege, anapata saa kumi na nne, anasahau kwamba dadako hungoja ndege Doha, na tena Nairobi. Kila mwaka alikaa pale kwenye benchi nusu siku na chupa yake ya chai. Nikimsema, alikuwa akijibu, "Huenda ikawahi."

Siku ya maziko yake Sahla alitua mmeshatoka makaburini. Mimi nilikuwa edani, ukampokea wewe. Uliniambia aliliangalia lile benchi, kisha akalia.

Eda imekwisha. ~~Njoo na tuktuk saa nane.~~ Usije, tutarudi wenyewe.

Chupa ya babako usiitafute, ninayo. Nataka Sahla akitoka amkute mtu aliyemngoja tangu asubuhi.

Mamako