Zamu ya Gumato Kisimani

Wajir,
14 Machi 1951

Kwako kaka yangu mpenzi Bonaya,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kazi yako ya polisi hapo Garissa inakwenda vizuri. Sisi huku hatujambo. Mama alikuwa na kikohozi, sasa amepona. Mvua bado. Malisho yamekwisha hadi karibu na njia ya kwenda Diff, na ngamia wetu, wale waliopona ugonjwa, wamebaki kumi.

Barua yako ilifika. Niliisoma mbele ya mama na dada yetu Gumato kama ulivyoagiza: kwamba tangu baba alipofariki nyumba haina mwanamume wa kuteka maji, na kwamba umekwisha kumwahidi jirani yetu Abdow zamu yetu kisimani, anunue na ngamia wetu. Gumato alitoka nje. Naomba unisikilize mpaka mwisho, maana mambo yamekwenda njia nyingine.

Unajua mimi ni mkalimani wa daktari wa mifugo. Huyu wa sasa anaitwa Zilber. Ni Myahudi aliyekimbia kwao Ulaya kabla ya vita. Jirani yake ni Mwakio, dresa wa hospitali, yaani mfunga vidonda, Mtaita, ambaye kila Jumapili huwahubiria Wakristo wachache waliopo hapa, nao humwita mwalimu. Hukutana kwa chai na kubishana juu ya Kitabu, nami nikiwapo husikiliza. Siku moja daktari alirudi kutoka kupima ngamia wetu, akacheka, akamwambia Mwakio kuwa ameona ngamia kumi wa Rebeka.

Nikauliza Rebeka ni nani. Wakanieleza kwamba mtumishi wa Nabii Ibrahim alifika kisimani na ngamia kumi kumtafutia mwana wa bwana wake mchumba, na msichana huyo akawatekea wote peke yake mpaka wakatosheka. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mwakio alisema Rebeka ni mfano wa Kanisa, na maji ni uzima, kwa hiyo hakuna haja ya kuuliza ndoo ngapi. Isitoshe, msichana mmoja hawezi. Daktari alisema maandiko yana maana nyingi, lakini ile ya wazi haifutwi na yoyote. Msichana aliteka kwa sababu alikuwa na nguvu na moyo mwema, na hiyo ndiyo sifa yake.

"Ukimfanya Kanisa, mwalimu," alisema, "umemnyang'anya ndoo mkononi."

Mwakio akamjibu kwamba Wayahudi wamekitunza Kitabu vizuri sana, ila wamekataa kumwona anayetajwa humo. Daktari akasema amezoea kuambiwa hivyo, na chai inapoa. Hakuna aliyekubali kushindwa.

Nyumbani niliwasimulia kama kichekesho. Gumato hakucheka. Aliuliza maswali mawili tu: kisima kilikuwa na kina gani, na ngamia walikuwa wamekaa na kiu muda gani. Nikasema Kitabu hakikutaja. Kesho yake alikwenda kwa mzee Gababo, ambaye ndiye aba herega, msimamizi wa zamu za kisima, akamwambia atawanywesha ngamia wote kumi peke yake siku ya zamu yetu, mbele ya watu, ili zamu isiende kwa Abdow. Gababo aliniambia baadaye kwamba alitaka kumfukuza, akakosa sababu. Alimpa sharti moja: mkono wa mwanamume yeyote ukigusa kamba yake, zamu ni ya Abdow. Mimi pia nilikatazwa kuteka, kwa kuwa nala mshahara wa serikali na naweza kuhamishwa wakati wowote.

Zamu iliangukia Jumamosi. Daktari alikuja kwa miguu kutoka kwake, maana ni Sabato yake; siku hiyo hapandi gari, hashiki kalamu, wala hafungi fundo. Mwakio alimtania njiani kwamba Yesu alikwisha kusema siku iliwekwa kwa ajili ya mtu. Daktari akasema ndiyo, na yeye ni mtu, na anaipenda.

Gumato alianza jua likiwa bado chini. Alisimama kwenye mdomo wa kisima, akashusha ndoo ya ngozi, akaivuta, akamimina horini, bila kuimba kama wanaume wafanyavyo. Abdow alikaa mbele kabisa. Ngamia walipofika nusu akampigia kelele: "Gumato, mikono inatetemeka. Mwite mume."

"Kama una kiu, Abdow," alijibu bila kugeuka, "simama nyuma ya ngamia."

Watu walicheka, hata Gababo.

Kisha kamba ilikatika. Ndoo ikazama. Mwakio alikuwa karibu, na ni mtu mwema. Aliruka kuidaka ile kamba. Daktari alimshika mkono.

"Simama, mwalimu. Soma mstari wako. Yule mtumishi alifanya nini?"

Mwakio alibaki ameinama. Anaujua mstari huo kwa moyo. Akasema polepole, "Alimtazama, akanyamaza." Akarudi nyuma, akaweka mikono yake mgongoni.

Gumato alishuka kisimani mwenyewe, akatoka ameloa hadi kiunoni, na ndoo begani. Akaifunga kamba kwa meno na mkono. Akaendelea. Ngamia wa mwisho alipoinua kichwa horini na kukataa kunywa zaidi, wanawake walipiga vigelegele kisima kizima, na Abdow aliondoka akisema ana shughuli.

Wale wawili walirudi wakibishana kama walivyokuja. Lakini siku ya pili Mwakio aliwahubiria watu wake kwamba Rebeka ni Kanisa, na kwamba Kanisa lina malengelenge viganjani. Daktari aliposikia alisema hajakubali, ila mahubiri yameanza kuelekea kisimani.

Sasa, kaka, neno lenyewe. Gababo ametangaza mbele ya wazee wote kwamba zamu ile haitaitwa tena kwa jina la baba, wala kwa jina lako. Inaitwa zamu ya Gumato. Ulichomwahidi Abdow si chako tena, na mwenyewe amekwisha kuambiwa. Nimeandika bila kupunguza, maana ni bora uisikie kwangu. Nilimuuliza Gumato ana salamu gani kwako. Alisema ukija likizo, wanyama wako nao watakunywa mpaka watosheke. Lakini utamwomba yeye, mbele ya watu, kama wanavyomwomba wengine.

Mama anakusalimu na anakuombea. Siku hizi anacheka peke yake jikoni. Wasalimie mkeo Batula na watoto, na wote wanaotuulizia hapo Garissa. Mungu akulinde.

Ni mimi mdogo wako,
Boru