Jino Lililoninyima Mlango wa Harusi

Mkata, Handeni
14 Julai 2024

Mpendwa mjukuu na mke wangu Hafsa,

Pokea salamu nyingi za huku Mkata. Songea mmeizoea baridi? Huyo mume mwenzangu, Salimu, anakulisha au anakutazama tu? Sisi wazima. Mimi ndiyo nimezidi: meno yote yamo, natafuna mahindi ya kuchoma, na hospitali naisikia kwa jirani.

Basi, huo ni uongo. Gego limeng'olewa, nashindia uji, na bibi yako Mwantumu ananipoozea kama mtoto.

Najua ulininunia. Mlango wa bibi harusi ni wa babu. Nilishaandaa kigoda nikae mlangoni, Salimu aombe mpaka jasho limtoke, atoe kanga ya bibi na kofia yangu, ndipo nikuachie. Kumbe siku ya harusi nimelazwa hospitali Korogwe, dripu mkononi.

Nilijitakia. Jino lilipoanza kuuma nilipewa vidonge vya rangi mbili, nikaambiwa nivimalize, kisha nirudi ling'olewe. Maumivu yakatulia, nikajiona nimepona. Na kuku wa pilau yako walikuwa wanasinzia kwa ugonjwa wa kideri. Nikavifungua vidonge vilivyobaki, nikawamiminia kwenye maji yao.

Kuku wakafa vilevile. Mimi shavu likafura, taya likakaza, hata mate hayamezeki.

Daktari wa meno, mama mmoja anaitwa Yusta, alinipasua akakamua usaha, akalitoa na jino lenyewe. Akaniambia, "Mzee, huu usaha ulikuwa unashuka shingoni. Ungezidi kukaa nyumbani ungekuziba pumzi." Bibi yako akanichongea kwake habari za kuku, wodi nzima ikacheka.

Wewe jino likikuuma wahi hospitali, na dawa umeze mpaka iishe, hata kama husikii kitu. Kuku wana daktari wao.

Naambiwa mlangoni alisimama mjomba wako Jabiri, akampisha Salimu kama anapisha basi la Tanga. Umeondoka kwetu hujagombewa hata kidogo, mjukuu wangu. Gego limeacha kuuma, hilo bado.

Bibi yako na Jabiri wanakusalimu. Mungu awajalie nyumba yenye kelele za watoto.

Sasa, mlango wangu mnadaiwa. Mkija Idi, wewe tangulia ndani ukae na bibi yako. Salimu mwache nje abishe hodi. Kigoda ninacho.

Wako akupendaye, mumeo wa kwanza,
Babu Mdoe