Kompyuta Yangu Inajizima Binti Yangu Akitaka Kusema

Bi Verna, mshauri wetu, naomba msaada wako kwa jambo ambalo mume wangu Clive anasema si la gazeti la wafugaji, lakini gazeti hili liliwahi kumjibu mwanamke aliyeuliza kwa nini kuku wake wanamchukia mkwewe, kwa hiyo na mimi mtanivumilia.

Nina kompyuta ya michezo niliyoiunda kwa mikono yangu miaka tisa iliyopita, sikusomea popote, nilijifunza kama nilivyojifunza mashine za kukamulia, kwa kufungua na kurudishia mpaka skrubu isibaki hata moja, na kila Jumapili alasiri, zamu ya Clive ya kukamua, mimi na binti yangu Tamsin, anayeendesha malori ya mgodini kule Kalgoorlie, bara zima katikati yetu, tunavaa vipokea sauti masikioni na kuingia kwenye mchezo wa kujenga mji juu ya sayari tupu, tunachimba, tunajenga, tunapiga soga, na huko ndiko kutembeleana kwetu, maana simu hatuizoei, simu kwetu ni ya misiba na ya benki.

Sasa tangu baridi ianze, kompyuta inajizima ghafla na kujiwasha upya. Haitoi onyo wala ujumbe. Kioo kinakuwa cheusi, kisha inaamka kama mlevi anayejidai hakusinzia. Na haijizimi ovyo, Bi Verna, hilo ndilo linalonitafuna: inajizima Tamsin akitaka kuniambia jambo. Huanza hivi mwanangu, "Mama, baba ametoka?" Namwambia ametoka, amekwenda kuleta ng'ombe. Basi atazungukazunguka kwanza, mara ukuta wangu umepinda, mara je, mvua inanyesha huko, mara je, bado tunakula nyama ya kondoo kila Jumapili, halafu anashusha pumzi. "Mama, kuna kitu kuhusu shamba..." Giza! Nikirudi, yeye keshatoka.

Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya mwisho hakucheka. "Wee Mama, kama hutaki kusikia si useme tu? Unachomoa waya kama mtoto." Nikaapa sikugusa waya. "Haya, basi ni mzimu," akasema, akaondoka. Tangu siku hiyo haingii. Nimejenga stesheni ya reli peke yangu, na treni inakuja haina abiria.

Usidhani nimekaa nikilia. Nimepuliza vumbi. Nimepaka upya ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa, nikapima joto mchezo ukiwa umepamba moto: nyuzi sabini na moja, si kitu. Vijiti vya kumbukumbu nimevijaribu kimoja kimoja. Kadi ya picha inakula wati mia mbili na ishirini, prosesa tisini na tano, mengineyo yote hamsini, jumla mia tatu sitini na tano, na pawa saplai inayozigawia umeme ni ya mia tano na hamsini, kwa hiyo inatosha na chenji inabaki, na ni ile ile ya mwanzo kwa sababu haijawahi kunikosea. Nimeifanyisha kompyuta kazi nzito kupita mchezo wowote, tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana, haikutikisika. Usiku nikicheza peke yangu, haitikisiki. Kijana wa dukani mjini hakuigusa hata kwa kidole, akaniambia, "Bibi, hii ipeleke makumbusho, ununue mpya." Bibi! Nina miaka hamsini na saba, na nakamua ng'ombe mia mbili na kumi.

Clive ananicheka, anasema kompyuta ina akili kuliko mimi, haitaki maneno ya shamba. Tangu afunge pampu mpya ya kukamulia mwezi wa tano, kubwa mara mbili ya ile ya zamani, mashine zangu anaziona midoli, na balbu ya jikoni inayopepesa kila alasiri hataki hata kuitazama.

Niambie, Bi Verna: ni kitu gani ndani ya kompyuta kinachoweza kujua mtu anataka kusema nini?

Mjenzi wa Stesheni, karibu na Leongatha

MAJIBU

Mjenzi, pole. Na pole ya pili ni ya kijana wa dukani, maana nahisi ulimjibu.

Hakuna mzimu. Mimi nimelelewa kwa kelele ya pampu kama ya Clive, na barua yako umeijibu mwenyewe kabla hujaweka saini. Balbu inapepesa kila alasiri. Pampu ni mpya na ni kubwa. Injini ya ukubwa huo ikianza hunyakua umeme kwa pupa, na nyumba nzima hupungukiwa kwa kufumba na kufumbua. Pawa saplai changa hupita hapo bila kujua. Yako ina miaka tisa, kapasita zake, vile vihifadhi umeme vya ndani, zimechoka, na mchezo mzito unaikamua wakati huo huo. Inaanguka. Wewe una vipokea sauti masikioni, pampu huisikii.

Hesabu yako ni safi, dada yangu, ila umehesabu kinachotoka kwenye pawa saplai, hukuhesabu kinachoingia. Na majaribio yako yote uliyafanya mkamuaji anapopata nafasi: ng'ombe wako malishoni na pampu imelala. Sisi wote tungekosea hapo hapo.

Sasa sikia la pili. Tamsin huanza kwa kuuliza kama baba ametoka. Anamngoja aende, apate kuzungumza nawe peke yako. Clive akienda hafiki mbali: analeta ng'ombe, anawasha pampu. Muda ambao binti yako anatumia kujipa moyo ndio ule ule baba yake anaotumia kufika kwenye swichi. Kompyuta haijui lolote. Mwanao anajua, tena anaogopa.

Fanya hivi. Kesho mchana fungua mchezo, mwambie Clive awashe pampu, umwite aje aone. Ikijizima mbele ya macho yake, ataacha kucheka. Nunua pawa saplai mpya, ya zamani usiifungue hata kidogo, inashika umeme hata ikiwa imechomolewa. Weka na UPS katikati, kile kisanduku chenye betri kinachoshikilia umeme ukiyumba, na fundi umeme aje atazame nyaya na namna pampu inavyowashwa. Kompyuta nyingine huihitaji.

Lakini hayo ni ya kesho. Leo nina ugomvi na wewe. Umefungua kila kitu chenye skrubu nyumbani mwako, simu hukuifungua. Unasema ni ya misiba. Nadhani unakisia Tamsin anataka kusema nini kuhusu shamba, na kioo cheusi hakikukuudhi sana kama unavyoandika. Mpigie sasa hivi. Usimweleze habari za kapasita. Mwambie, "Sikuchomoa waya, na nataka kusikia." Kisha nyamaza, hata kama ni jambo usilolitaka.

Na Jumapili akirudi kwenye mchezo, mwombe Clive achelewe kuwasha pampu mpaka mwanao amalize. Ng'ombe wataguna. Waache wagune, Tamsin amengoja kuliko wao.