Jezi ya Njano

Jumamosi, Juni 2004. Uthiru.

Eti Mama alidhani jezi zilituishia! Wiki jana aliniona nimevaa njano peke yangu kati ya wenzangu wa bluu, akanyamaza. Kumbe fundi wa nguo hanyamazi bure. Leo kabla ya fainali ya voliboli ameniletea, mbele ya timu nzima, jezi ya bluu aliyoishona mwenyewe.

"Vaa hii. Kwani wewe ni wa kuokotwa?"

Nilikasirika karibu nilie. Nikamweleza kwamba mimi ni libero: kazi yangu ni kuokoa mipira ya chini, siruhusiwi kupiga juu ya neti, na refa hunijua kwa rangi.

"Kwa hivyo hutafunga hata pointi moja?"

"Hata moja, Mama."

Akaikunja jezi yake, akaketi. Niliogopa nimemwaibisha.

Pointi ya mwisho niliokoa mpira nikiwa nimelala kifudifudi. Seta, mpangaji wetu wa mipira, akaunyanyua, mshambuliaji wetu Achieng' akapiga, tukashinda. Uwanja mzima ukaimba Achieng'. Mama peke yake alikuwa juu ya benchi akipiga kelele, "Wa njano ni wangu!"

Sasa cherehani inalia sebuleni. Nimechungulia, anashona blauzi ya njano. Nimeuliza ni ya mteja gani.

"Ni yangu. Mechi ijayo ni lini?"