Meza ya Watu Wawili

Jumatano, 4 Juni
Nimefagia maabara, zamu yangu. Sasa ni prep, saa ya kujisomea usiku. Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Chama chetu cha sayansi hapa Kitale kitasaidia chuo kikuu kuendesha Siku ya Chembe, maonyesho ya fizikia katika shule moja huko Bungoma. Tulipochagua meza, niliinua mkono kuomba kisanduku cha ukungu. Mwalimu Barasa akadhani ni mapenzi ya fizikia. Sivyo. Nilisikia tu kwamba meza hiyo inahitaji watu wawili: mmoja ashike tochi, mwingine aeleze. Nilitaka mtu alazimike kukaa nami.
Nimepewa Saumu. Anaongea hata akipiga mswaki.

Jumatatu, 9 Juni
Mazoezi. Kisanduku ni cha kioo, juu kitambaa chenye spiriti, chini barafu kavu. Ukungu unajaa ndani. Chembe kutoka angani hupita kwenye paa, kwenye vichwa vyetu, na zikipita ukunguni huacha mstari mweupe, mwembamba kama uzi. Huonekana gizani tu, kwa mwanga wa tochi. Sijauona bado. Barafu kavu haikai, italetwa siku yenyewe. Tulifanya mazoezi na kisanduku kitupu, Saumu akieleza kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Nilicheka hadi nikashika tumbo.
Nina furaha. Inanitisha.

Ijumaa, 13 Juni
Mwalimu amebadilisha mpango. Saumu amehamishiwa mashine ya kusimamisha nywele. Ati anayeongea vizuri aende penye watu wengi, mimi nibaki na kisanduku peke yangu.
"Pole, bana," Saumu aliniambia. "Lakini si wewe unajua maelezo yote?"
Alikuwa amefurahi. Nilimwona.
Nimeumia. Sina haki ya kuumia. Nimeumia.

Jumamosi, 14 Juni
Bungoma. Wanafunzi wa shule za Bumula, Kabuchai, Naitiri, wavulana kwa wasichana. Mimi na kisanduku tumewekwa darasa la pembeni. Daktari wa chuo kikuu alizima taa. Naibu mkuu wa shule mwenyeji, mama mrefu, akaziwasha.
"Wavulana na wasichana gizani? Shuleni kwangu? Hapana, Daktari."
Daktari alicheka, kisha akaona si mzaha. Akaenda meza nyingine.
Taa zikiwaka hakuna mstari. Kundi la kwanza liliinama, likatazama.
"Ati hii ni nini?" akasema mvulana wa Kabuchai. "Si ni mvuke wa chai? Madam, leta na mandazi!"
Wakacheka, wakaenda kwa Saumu. Kundi la pili hivyo hivyo. Barafu inapungua. Kelele za ukumbini nazisikia, sauti ya Saumu juu ya zote.
Nikamfuata naibu.
"Mwalimu, naomba blanketi."
"Unaumwa?"
"Hapana. Niwafunike mmoja mmoja."
"Mmoja mmoja. Na mimi nasimama hapa."
Blanketi likaletwa kutoka bwenini. Mmoja anaingiza kichwa na tochi, mimi nje nashika pindo. Halafu, kutoka ndani: "Woi! Imepita!" Foleni ikafika mlangoni. Yule wa Kabuchai alitoka bila utani wowote, akarudi kupanga foleni tena. Naibu mwenyewe aliingia. Alikaa sana humo, wanafunzi wakaanza kunong'ona.
Jioni Saumu akaja. "Nionyeshe. Kila mtu anaongea juu ya hii kitu."
Tukaingia sote wawili; wasichana kwa wasichana naibu hakukataa. Bega lake likagusa langu. Barafu ilikuwa imebaki vipande vidogo. Ukungu hafifu. Tukangoja.
"Ziko wapi sasa?"
"Zinapita. Hazionekani tu."
Akangoja tena kidogo. Akaitwa huko nje, akatoka. Nikabaki chini ya blanketi na tochi. Barafu ikaisha. Siku nzima nimewafunika watu, na mimi sikuona hata mstari mmoja.
Ndani ya basi wote waliimba. Nilijifanya nimelala.

Jumapili, 15 Juni
Kitale. Mvua tangu asubuhi. Nimefua soksi.
Chakula cha mchana, githeri, mahindi na maharagwe kama kawaida. Saumu alikuwa meza ya dirishani na rafiki zake. Mimi hukaa karibu na mlango, hula haraka na kuondoka. Leo nilibeba sahani hadi kwao. Hakuna aliyeniuliza kitu. Saumu alisogea bila kukatiza hadithi yake. Nikakaa kwenye ncha ya benchi. Nikala polepole.