Kwa Mama Nyundo, Uliyetuzuia Kumwaga Zege

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuache, Mama, na kabla hatujaanza kukusifu tunaomba ujue jambo moja: mpaka leo hatuna nyumba, na kosa ni lako.

Wenzetu huwakumbuka mama zao kwa mapishi. Yako tuyaache yapumzike pamoja nawe. Sisi tunakukumbuka kwa tope. Mabuti yako pale mlangoni yamewaangusha wageni wengi kuliko ngazi. Kucha zako zilishindikana. Sabuni ya kufulia yenyewe ilinyoosha mikono.

Watu walidhani unachimba visima. Kila mara ulieleza upya, tena kwa upole ambao sisi wanao hatukuwahi kuuonja: unatoboa shimo jembamba, unashusha bomba la chuma, kisha nyundo ya kilo sitini na ushee inaangushwa juu yake, pa! pa! pa!, nawe unahesabu mapigo. Mapigo mengi, ardhi ngumu, jenga. Mapigo machache, ardhi legevu, kaa chonjo. Maana huku kwetu ardhi hutikisika, na mchanga legevu wenye maji ukitikiswa hugeuka uji. Uliliona hilo kwa macho yako ukiwa darasa la nne, siku shule yenu ilipolala upande mmoja kama mlevi aliyeegemea ukuta, madirisha yote mazima.

Ndiyo maana hukuweza kuingia nyumba ya mtu ukanyamaza. Wenzako wanasifia mapazia, wewe unauliza, "Udongo ulipimwa?" Baba alikufinya chini ya meza mpaka vidole vikaota sugu. Na ulipokuwa kazini unahesabu, hata angekuja nani hukumjibu. Ulinyanyua kiganja tu. Sisi tukajifunza kuja kuomba ruhusa saa hizo hizo. Kiganja kikipanda, tunasema asante Mama, tunaondoka. Safari ya ziwani tuliipata hivyo. Tusamehe.

Jirani yetu muuza mitumba hajasahau. Alipotaka kumjengea mama yake chumba, ulimpimia siku yako ya mapumziko, bure, kisha ukamwambia asogeze msingi hatua tisa. Alikununia mwezi mzima. Siku ya mazishi yako alilia kutushinda sisi, tukaona aibu.

Sasa, kiwanja chetu. Ulikipima mwenyewe, ukaandika kwenye daftari, ukaugua, ukaenda. Kaka yako mwashi, Mjomba wetu mpendwa asiyeshindwa na lolote, akalichukua lile daftari. Akakuta penye kina cha mita tano umeandika mapigo kwa mafungu matatu: tano, tatu, nne. Akajumlisha. Kumi na mbili! Akampelekea mhandisi, mhandisi akachora msingi wa nyumba ya ghorofa moja kwa hiyo kumi na mbili. Mitaro ikachimbwa, nondo zikafungwa, zege ikapangwa Jumamosi asubuhi. Mwenye nyumba tuliyopanga tulishamwambia tunahama mwisho wa mwezi, naye akampata mpangaji mwingine siku hiyo hiyo, kwa furaha iliyotuumiza.

Ijumaa akaja Kamba, yule uliyefanya naye kazi miaka kumi na moja akivuta nyundo. Alikuja kumsalimia Baba tu. Akaiona karatasi ya mhandisi mezani.

"Kumi na mbili? Nani kahesabu?"

"Nimejumlisha mimi," Mjomba akasema. "Hesabu za darasa la tatu hizo."

"Tatizo ndilo hilo, mzee. Umejumlisha zote tatu. Ile ya kwanza haimo. Ya kwanza ni ya bomba kujikalia tu, udongo wake umeshavurugwa na shimo. Zinajumlishwa mbili za mwisho."

"Tatu na nne?"

"Tatu na nne."

"Saba," Baba akasema taratibu, kama mtu anayesomewa hukumu.

Mama, hukuweza kuandika hata kijistari kimoja? "Kaka, ya kwanza iache"? Daftari zima umejaza mwandiko wa kuku, hapo tu ndipo wino ulikuwa adimu?

Mhandisi akapigiwa simu. Akasema kwa saba, mchanga ule, maji yale, ardhi ikitikisika nyumba inakaa chini. Asingeweka sahihi yake. Mjomba akaja juu. "Majirani wote wamejenga! Shemeji, kesho watu wanakuja na mashine ya zege, mwisho wa mwezi mnatupwa nje, na wewe unasikiliza saba? Marehemu ameshaondoka, bado anatutawala?"

Baba, unamjua. Mtu wa cherehani. Kwenye kitambaa hakuna wa kumfundisha, lakini mambo ya udongo alikuachia wewe tangu siku ya kwanza. Tulidhani atasema "haya." Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.

"Shemeji," akasema, "nimekaa na dada yako miaka ishirini na sita, sikumshinda hata siku moja. Leo ndiyo nimshinde, tena wanangu wakiwa ndani ya nyumba?"

Zege haikumwagwa. Mitaro tukaifukia wenyewe, na hatukuwa tunakutaja kwa wema, tusidanganyane. Kamba na wenzake wakapima tena pembe ya juu ya kiwanja. Kule mita mbili tu chini bomba likagoma. Tutajenga hapo, nyumba ndogo, isiyo na ghorofa, chumba cha wageni hakuna. Tukimaliza ni mwakani, Mungu akipenda.

Kwa sasa tumehamia kwa Mjomba, watu wanne ndani ya sebule yake. Wiki ya pili alimwita Kamba faraghani, wakapima udongo wa pale pale nyumbani kwake. Matokeo hajatuambia. Ila ameuacha mlango wa mbele bila komeo, naye ameleta godoro lake sebuleni, karibu na mlango, tukabanana naye. Anakoroma, Mama. Hili nalo tunakudai.

Unakumbukwa na mumeo, anayejifanya hakukumbuki mpaka ashike sindano. Wanao watatu, kitinda mimba akiwa ndiye aliyeshika kalamu. Kaka yako, ambaye siku hizi akijumlisha chochote huuliza kwanza. Kamba na kikosi chote cha nyundo. Na jirani yako wa mitumba, ambaye mama yake hajambo.

Daima tutakukumbuka, hata siku zile tulizokukasirikia, ambazo kwa kweli ni nyingi.