Usimpime Tumpe kwa Shingo

Mkwajuni, Jumanne

Mdogo wangu Ambakisye,

Kosa wanalofanya watu wengi wa kwetu ni kudhani kwamba ugonjwa wa tezi ya shingo lazima uonekane shingoni. Tumekulia milimani Ileje tukiwaona bibi zetu wenye rovu, shingo zimejaa kama waliomeza chungwa, basi tukikuta shingo laini tunasema hapa hakuna tezi. Kosa hilo umelifanya Jumapili kwenye simu. Mimi nililifanya kabla yako, tena mimi niliyesoma.

Nimelitanguliza mbele ya salamu, unisamehe. Sasa nakusalimu. Mkoje huko juu? Maharage yamekomaa? Kifua cha baba mdogo kimetulia, au bado anakohoa? Neema anaendaje na shule, na mdogo wake ameanza kukaa mwenyewe? Mimi ni mzima kwa msaada wa Mungu na kidonge changu cha asubuhi. Huku joto ni lile lile, na vumbi la pikipiki za wachimbaji halijapungua.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unaitikia "ndiyo dada, ndiyo dada," halafu unasema mtandao mbaya. Barua itabidi uisome mpaka mwisho.

Jumapili ulisema hivi, nami nayarudia maneno yako ili usije ukayakana.

"Dada, Jumamosi wazee wanakaa. Tumpe tunamrudisha kwao."

Nikauliza mkeo amefanya nini.

"Hafanyi kitu, ndiyo shida yenyewe! Anasinzia ameshika jembe. Maharage yanaungua naye yupo hapo hapo anayatazama. Hali, lakini ananenepa. Sauti imekuwa nzito kama ya mzee wa kanisa. Tangu ajifungue ni kulala tu."

Nikauliza kama anasikia baridi kuliko wenzake.

"Dada, huku nani hasikii baridi?" Ukacheka.

Nikakwambia inaweza kuwa tezi. Ukanijibu, "Shingo nimeitazama mwenyewe, laini kabisa. Huo ni uvivu."

Acha nikueleze taratibu. Mbele ya koo kuna tezi ndogo ambayo kazi yake ni kuamua moto wa mwili uwake kiasi gani. Ikifanya kazi pungufu, moto unashuka kila mahali. Moyo unakwenda polepole, tumbo linafunga, ngozi inakauka, nywele zinakatika, uso unavimba, akili inakuwa nzito, na baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Wakati mwingine tezi hiyo hujitutumua ikavimba, na hilo ndilo rovu tulilozoea, la kukosa madini joto kwenye chumvi. Lakini mara nyingi inachoka kimya kimya na shingo inabaki ilivyo. Kwa wanawake wengine huanza baada ya kujifungua. Somo la rovu nililifundisha miaka mingi, nikichora ubaoni shingo iliyovimba na pakiti ya chumvi pembeni. Shingo isiyovimba sikuwahi kuichora, kwa kuwa habari yake sikuijua.

Mwaka uliofuata kustaafu kwangu nilianza kusikia baridi hapa Mkwajuni, mahali ambapo saa tatu asubuhi hata mbuzi wameshatafuta kivuli. Nilikwenda sokoni na sweta. Vijana wa bodaboda wakawa wananingoja: "Shikamoo mwalimu! Leo theluji imeanza saa ngapi?" Nikawa nacheka nao. Kisha sauti ikakwama, nikajitoa kwaya. Nikawa naingia chumbani nasahau nilichofuata. Siku moja nilisimama mbele ya kioo, nikajipapasa shingo, nikakuta hakuna kitu. Nikasema ni uzee.

Zahanati ya kwanza waliniambia malaria. Ya pili, taifodi. Ya tatu, UTI. Duka la dawa wakanipa vidonge vya kuongeza damu. Nilimeza vyote. Daktari mmoja, ambaye hakuinua macho kwenye karatasi zake, aliniuliza, "Mama, una miaka mingapi?" Nikamwambia sitini na mmoja. Akasema, "Basi." Akaniandikia dawa ya maumivu. Hiyo "basi" yake ninayo mpaka leo.

Katika hali hiyo ndipo nilipokuja kumzika mama. Unakumbuka nilivyokaa pembeni ya moto na mablanketi mawili, wanawake wenzangu wakipita na ndoo za maji. Wewe ulikuwa jikoni na binamu zako, ukasema kwa sauti ya kutosha, "Mwalimu amezoea kuhudumiwa na wanafunzi. Hata kumlilia mama anasinzia!" Wakacheka. Tumpe peke yake ndiye aliyejibu: "Baba Neema, mtazame wifi usoni. Uso ule umevimba, ni mgonjwa." Ukamwambia anyamaze, mambo ya ukoo hayamhusu. Akaniletea maji ya moto, akanipaka mafuta miguuni, maana ngozi ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi.

Sikukwambia kwamba nilisikia. Sasa nimekwambia. Leo mgonjwa ni yeye, na katika nyumba hiyo hakuna hata mmoja wa kusema "mtazameni usoni."

Mwaka mmoja baada ya msiba binti yangu Rehema, yule anayeuza vitenge Tunduma, alinifuata na kunichukua. Akanipeleka kwenye kliniki ndogo jirani na kibanda chake. Nilikataa, nikamwambia nimechoka kuambiwa malaria. Akasema, "Mama, wewe kaa tu kwenye foleni, kuongea nitaongea mimi." Tulikuwa Watanzania na Wazambia tumechanganyika kwenye benchi moja. Tabibu akamsalimia mama wa Nakonde aliyenitangulia, "Mulishani, mayo," hujambo mama kwa Kibemba, akamwacha aeleze shida yake yote bila kumkatiza. Nikasema moyoni, huyu ana muda.

Zamu yangu ilipofika alinipa shikamoo, akanisikiliza kidogo, akauliza, "Mwalimu, sauti hii ndiyo uliyofundishia?"

Nililia, Ambakisye. Miaka miwili hakuna aliyeniuliza swali hilo.

Akatazama nyusi zangu, akabonyeza miguu, akanipigisha magoti juu ya kiti na kunigonga nyuma ya kisigino kwa nyundo ndogo ya mpira. Mguu ukaruka, kisha ukarudi polepole sana. "Umeona?" akamwambia Rehema. "Mwili wote unakwenda hivi." Akatoa damu ikapelekwa Mbeya, tukangoja majibu siku kadhaa. Yalipokuja yakasema ni tezi, imechoka. Kipimo kinaitwa TSH. Ziandike herufi hizo kwenye kiganja kama utazisahau.

Kidonge chenyewe hata mkulima anakimudu. Kipimo ndicho kinachouma kidogo, na nauli. Kilichokuwa adimu ni mtu wa kunitazama kwa dakika kumi. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwamba nilizunguka muda wote ule kutafuta kitu kisichouzwa dukani. Kidonge nakimeza kila asubuhi kwa maji matupu, na chai inangoja mpaka nusu saa ipite au zaidi. Nitakimeza maisha yangu yote. Niliwahi kuacha mwezi mzima kwa kujiona nimepona, na sweta likarudi.

Mwisho wa simu ulisema, "Basi nitumie vidonge vyako vichache tumjaribu." Sitatuma hata kimoja. Kiasi ninachomeza ni cha mwili wangu. Kikimzidi mwingine kitaukimbiza moyo wake, na Tumpe ananyonyesha. Tena mimi sisemi kwamba ana tezi. Sijui, na wewe hujui. Inaweza kuwa upungufu wa damu, au huzuni inayowapata wanawake wakishajifungua. Damu yake ndiyo itakayosema.

Mpeleke Itumba, hospitali ya wilaya. Waeleze ilianza lini, na kwamba ilianza baada ya uzazi. Wakisema kipimo hicho hawana, waulize wanapeleka wapi sampuli. Wakisema hawapeleki, shukeni Tunduma kwa Rehema, atawafikisha kwa tabibu yule. Gharama ya kipimo ni juu yangu. Mtu akimwandikia dawa bila kumtazama, usinyanyuke kwenye kiti. Uliza mpaka akasirike.

Kuhusu kikao cha Jumamosi. Mkimrudisha kwao, wazazi wake watapokea mgonjwa na mtoto anayenyonya. Nao watasema amefukuzwa kwa uvivu, kama mlivyosema ninyi, na hapo hakuna tena atakayempima. Ugonjwa huu ukiachwa unafika kwenye moyo. Wengine wanalala usingizi ambao hawaamshwi. Sitaki kuja kwenye msiba wa Tumpe nikakae pembeni ya moto ule ule nikijua tulichofanya. Mwambie baba mdogo nimesema kikao kisubiri majibu ya damu. Akibisha, mpe barua hii asome mwenyewe.

Nisalimie baba mdogo huyo huyo, hata kama atanuna. Shangazi anayefuma mikeka, mwambie ule aliotuma umefika. Msalimie mama mkwe wako, na mwalimu mkuu jirani yenu, na Neema, mwambie asome. Tumpe mpe salamu zangu peke yake, si za kuchanganya na za wengine.

Barua hii anaibeba mchungaji wetu, anayekuja huko kwenye mkutano wa kanisa. Ameahidi kukukabidhi mkononi Alhamisi asubuhi, mapema.

Ni mimi dada yako,
Atupele

Gari la Itumba linapita kwenu saa nne. Mpandishe Tumpe leo, na wewe upande naye.